Toboa Chini Kwanza

Nimestaafu kabla sijafika miaka thelathini. Cheka ukitaka. Hakuna aliyenikatia keki wala kunipa saa ya ukutani. Nilitoka kwa lango la shule ya chekechea kule Kiganjo nikiwa na mtoto wangu mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, kwa sababu nyundo ilikuwa yangu na singewaachia hata msumari. Ninyi mnaonifuata, wasaidizi wa darasa mliomaliza fomu foo juzi na mnaitwa ticha na watoto wasiojua kufunga vifungo, ninawaandikia ninyi. Mshahara sitautaja. Nao haukuwahi kunitaja. Nitawaambia kuhusu ngoma, maana ndiyo kazi niliyoijua vizuri, na ndiyo iliyonitoa.

Nilianzia Ruiru. Wairimu wangu alikuwa bado mgongoni, na baba yake alikuwa ameshaenda Mombasa, kwa kazi moja ambayo simu hazishiki. Shule ilikuwa ya mabati, nyuma ya kanisa, na ikinyesha ilibidi tuache kufundisha tungoje mvua imalize maneno yake. Siku ya kwanza nilipewa darasa la watoto wadogo kabisa. Mmoja akalia kwa sababu mama ameenda. Wa pili akalia kwa sababu wa kwanza analia. Kabla ya saa ya uji darasa zima lilikuwa linalia, na Wairimu mgongoni analia, na mimi karibu nijiunge.

Mlango ukafunguka, akaingia Madam Nekesa. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa lililofuata letu, mama wa Bungoma, mwili mkubwa, sauti ndogo. Hakuwaambia nyamazeni. Alichukua ngoma ya mkebe kwenye rafu, akaketi chini katikati yao, akapiga polepole kwa vidole viwili. Mmoja akageuka. Halafu wengine. Alipofika kwangu aliniambia, "Ukimwambia mtoto anyamaze, unamwongezea kelele. Mpe kitu cha kusikiliza."

"Nitatoa wapi ngoma, Madam?"

"Wapi? Si una mikono?"

Ndivyo nilivyofundishwa. Chukua mkebe wa maziwa ya unga au wa mafuta ya kupikia. Toa kifuniko, ukingo ulio mkali uugonge ndani kwa nyundo mpaka ukipitisha kidole hauumi. Ngozi ni tyubu kuukuu. Ya pikipiki inatosha mkebe mdogo. Mkebe mpana unataka tyubu ya gari. Nenda kwa mafundi wa boda, waambie ni ya watoto, watakupa ile iliyozibwa mpaka ikachoka, na watakutania kidogo, vumilia. Ipasue, ioshe kwa sabuni utoe ule unga mweupe wa ndani. Kata duara linalozidi mdomo wa mkebe kwa upana wa kiganja. Kutoka kwa tyubu hiyo hiyo kata mikanda myembamba ya kufungia. Halafu mnavuta mkiwa wawili: vuta hapa, kisha ng'ambo yake, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu. Ukivuta upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kwenda wa pili, ngoma itakaa mdomo upande maisha yake yote.

Madam Nekesa alikuwa na jambo moja ambalo hakulilegezea. Kabla ya nyundo, kabla ya tyubu, aliinua mkebe akautia pua ndani. "Mkebe utakwambia ulikula nini," alisema. Ukinuka maziwa, sawa. Ukinuka mafuta, osha tena. Ukinuka rangi, ukinuka kitu usichokijua, tupa. Mimi nilidhani ni ushamba tu. Halafu tukapata mtoto mmoja aliyekuwa anauma wenzake. Tulijaribu kumkanya, tukajaribu kumweka karibu na dirisha, wapi. Nikampa ngoma nikidhani ataishughulisha mikono. Aliiuma. Aliuma ukingo, akauma tyubu, akalamba mkebe pande zote kama anapaka siagi. Kutoka siku hiyo nilijua: kila ngoma unayotengeneza itaingia mdomoni. Sisemi labda. Itaingia.

Mama yake Madam Nekesa alipougua, Madam alirudi Bungoma kumtunza, na mimi bila yeye Ruiru ikanishinda. Nikahamia Thika, nikapata kazi Kiganjo, Wairimu naye ameshafika umri wa kuingia darasa langu. Shule hii ilikuwa ya ghorofa, imechorwa twiga ukutani, twiga mwenye shingo nene kama ya ng'ombe. Mwenye shule tulimwita Dairekta. Alikuwa mama nadhifu, marashi yake yanafika kabla yake. Hakuwa mtu mbaya wa kuchapa watoto au kuwanyima uji. Nataka mlijue hilo, kwa sababu mtakutana na wengi kama yeye. Alichopenda ni vitu vifanane. Soksi zifanane, vikombe vifanane, na wazazi wapigwe picha wakiwa mbele ya vitu vinavyofanana.

Siku ya kufunga muhula aliamua kila mtoto atapiga ngoma yake mbele ya wazazi, kisha aende nayo nyumbani. Mtaala sasa unataka watoto watengeneze vitu kutoka kwa mazingira yao. Mnajua vile inakuwa: mtoto anapaka rangi kidole kimoja, ticha anafanya mengine yote. Niliwaambia wazazi walete mikebe. Wakaleta ya kila namna, mirefu, mifupi, mmoja ameleta birika. Dairekta akaiangalia kama mtu aliyeletewa takataka sebuleni.

"Ticha Njeri, hii ni shule ama ni soko la chuma kuukuu?"

"Tukiifunika na kitambaa itapendeza, Madam."

"Tafuta zinazofanana."

Aliyezipata ni Baba Emma. Baba Emma anaitwa Wafula, na anafanya kazi ya kupiga dawa kwenye shamba la maua. Mcheshi, mtoto wake hajawahi kuchelewa shule. Alikuja na gunia begani, akaliangusha mbele ya ofisi, zikatoka ndoo ndogo nyeupe za plastiki, mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha, zote pacha. Dairekta alipiga makofi.

"Hizi ni safi kuliko sufuria za mke wangu," Wafula akasema. "Na msimwambie nimesema hivyo."

Nilichukua moja nikanusa. Ilinuka sabuni. Lakini chini ya sabuni kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kama kiberiti kilicholoa. Nikauliza, "Zilikuwa na nini, Baba Emma?"

Kabla hajafungua mdomo Dairekta akamjibia. "Za shamba, Ticha. Zimeoshwa. Mshukuru mzazi."

Nilishukuru mzazi. Mikono iliyozivalisha tyubu ni hii yangu, ninayooshea vyombo mpaka leo. Niliziosha tena mimi mwenyewe, nikazianika, harufu ikapotea au nikaizoea, na Dairekta akataka zipakwe rangi ya samawati nje. Siku ya kufunga ilikuwa na jua kali. Watoto walipiga ngoma hadi walinzi wa jirani wakaja kuchungulia. Picha zilitoka nzuri sana. Kila mtoto akaenda nyumbani na ngoma yake na kifuniko chake, Wairimu pia.

Wairimu alilala nayo. Asubuhi ilikuwa kando ya mto, ukingo umelowa mate, na midomo yake imekuwa myekundu pande zote kama aliyekula matunda yasiyoiva. "Inawasha," akaniambia. Nikageuza ile ngoma nikiwa nimesimama hapo mlangoni kwenye mwanga. Rangi ya samawati ilikuwa imeanza kubanduka chini, na pale ilipobanduka kulikuwa na kipande cha karatasi cha zamani, kidogo, kimegoma kutoka na maji yote yale. Kilikuwa na fuvu na mifupa miwili.

Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka masikio yanaziba. Nilimwosha mtoto mdomo, uso, mikono, tena mdomo. Nikampeleka zahanati, kile kipande cha karatasi nimekifunga kwa karatasi ya nailoni. Daktari wa zamu aliniuliza kama ametapika, kama anatoa mate mengi, akamwangalia macho kwa tochi. Akasema ngozi imechomeka kidogo, nimuoshe, nimchunge, nikiona mabadiliko yoyote nirudi mbio. Nimchunge. Kama kuna kitu nilikuwa nafanya hata kabla hajasema ni hicho. Nilikuwa nahesabu pumzi zake tukitembea.

Nikiwa hapo hapo benchi nikampigia Wafula.

"Baba Emma, zile ndoo zilikuwa za nini? Usinidanganye."

Nikasikia mashine za shamba nyuma yake. "Za dawa ya ukungu, Ticha. Ile ya unga. Lakini niliziosha, haki ya Mungu, niliziosha na maji ya moto."

"Huko kwenu huwa mnazifanyia nini zikiisha?"

"Huwa tunazitoboa chini. Ndio mtu asizipeleke nyumbani." Sauti yake ikashuka. "Hizi nilizichukua kabla hazijatobolewa. Niliona ni za watoto, zikitobolewa zitaharibika. Ticha, Emma amelala na yake."

"Itoe sasa hivi. Mpigie mama yake."

"Woi," akasema, na simu ikakatika.

Sikumkasirikia Wafula. Alikuwa na mtoto ndani ya hatari hiyo hiyo, kama mimi. Hasira yangu ilianza nilipofika kwa Dairekta. Nilimkuta nyumbani kwake Ngoingwa, amevaa leso kichwani, anachagua picha za siku ya kufunga. Nilimweka kile kipande cha karatasi mezani. Alikiangalia, akakisukuma kwa kucha.

"Wairimu anaendeleaje?"

"Anachungwa. Madam, wapigie wazazi wote. Waambie ni ndoo za sumu wazirudishe."

"Ukiandika neno sumu kwa grupu ya wazazi, muhula ujao tutafundisha twiga aliye ukutani."

"Basi aandike nani? Nitaandika mimi."

"Wewe sio admin." Akachukua simu yake. "Nitaandika. Mambo haya yanataka lugha."

Akaandika. Niliusoma ujumbe huo mara nyingi hivi kwamba nimeukariri kuliko zaburi. *Wazazi wapendwa, tumegundua ngozi za ngoma zina kasoro ndogo. Kindly ondoeni hiyo ngozi leo ili watoto wasiumie. Poleni kwa usumbufu. Mungu awabariki.* Na ua la waridi mwishoni.

"Kasoro iko kwa ndoo," nikasema. "Sio kwa ngozi."

"Wakitoa ngozi, haitakuwa ngoma tena. Mtoto atachezea nini? Imeisha hiyo."

Nilikuwa na mtoto mwenye midomo iliyochomeka na kichwa changu hakikuwa kinakaa mahali pamoja, lakini niliona kuna kitu kibaya ndani ya hayo maneno, tu sikukiona sawasawa. Nilikiona asubuhi iliyofuata. Jirani yangu, Mama Ken, ambaye kijana wake yuko darasa letu, alinigongea kuomba chumvi kidogo, imemwishia. Nikamwambia alete kitu cha kutilia. Akaleta ile ndoo. Imeoshwa, rangi ya samawati imesuguliwa kwa steelwool mpaka ikaisha, nyeupe tititi, kifuniko juu.

"Nilitoa ngozi kama mlivyosema," akaniambia. "Lakini hii chombo ni ya maana, Mama Wairimu. Inafunga kabisa, hata mende haingii."

Hapo ndipo ilinijia yote. Huku kwetu nani hutupa chombo chenye kifuniko? Ndoo ya plastiki, mdomo mpana, inafunga? Mama yangu ana mikebe ya biskuti ya kabla sijazaliwa. Dairekta alikuwa ameandikia nyumba zote kwamba ngozi ni mbaya, na kwa hivyo alikuwa amewaambia ndoo ni nzuri. Jana ilikuwa kitu cha kulambwa ukingoni na mtoto mmoja. Leo ilikuwa inaingia jikoni.

Nilimnyang'anya Mama Ken ndoo, akashtuka, nikamweleza, akakaa chini kwenye ngazi. Halafu akasimama akaniambia, "Leta Wairimu nikae naye. Wewe nenda."

Nilienda na gunia lile lile la Wafula. Nyumba kwa nyumba. Kiganjo yote, mpaka kwa wale wa Ngoingwa wenye mageti ya umeme. Nyumba moja ndoo ilikuwa na unga wa mahindi, tukamwaga. Nyingine ilikuwa na vibanio vya nguo, nikapumua. Nyingine mama alikuwa ameitupa, namshukuru hadi leo, lakini alikuwa ameitupa ng'ambo ya ua, na watoto wa jirani walikuwa wanatekea maji. Nilikuwa nasema maneno yale yale kila mlango: sio ngozi, ni ndoo, ilikuwa ya dawa ya shamba, kuna mtu amekula chochote kutoka ndani? Baba mmoja aliniuliza nimekunywa nini. Nikampa kile kipande cha karatasi akione. Aliirudisha ndoo.

Wafula alikuja kunisaidia alipotoka zamu. Alikuwa anabeba gunia kama mtu anayebeba maiti. Tulipofika mwisho wa orodha ya watoto tuliyokuwa nayo kichwani, ndoo moja ilikosekana. Ya Shiru.

Shiru ni mtoto mkimya, anaishi na nyanya yake Witeithie. Mama yake anafanya zamu kwenye kiwanda huko Ruiru na akirudi analala simu ikiwa imezimwa. Nilipiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Wafula akasema, "Twende na boda, huyu wa hapa ananijua." Nikamwambia yeye arudi kwa Emma. Nilipanda peke yangu.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilikuwa nasema *tafadhali* kwa sauti, na kijana wa boda akadhani namwambia apunguze mwendo, akapunguza, nikamgonga mgongo.

Nyanya yake, Cucu Wanjiru, alikuwa uani ameketi kwenye kigoda. Shiru yuko kando yake ameshika kikombe cha bati kwa mikono yote miwili, anangoja. Karibu na jiko, pale joto linafika lakini moto haufiki, ndoo nyeupe imefungwa kwa shuka kuukuu.

"Mwalimu wa Shiru!" Cucu akainuka kwa furaha. "Umekuja na miguu mizuri. Leo ndio nafungua uji wangu."

"Cucu, ngoja kwanza."

"Uji wa kuchacha sio wa kuharakisha, nimengoja umeiva. Ile kibuyu yangu ilipasuka, na haya maplastiki mengine hayafungi. Hii mliyotupatia, haiya, hii ni chombo. Shiru, mpe mwalimu kikombe. Mgeni ndiye anaanza."

Alikuwa ameshazungusha kifuniko. Harufu ya uji uliochacha ikatoka, nzuri, ile ya kukufanya utoe mate. Na sikuisikia harufu nyingine yoyote. Hilo ndilo linalonitoa usingizini mpaka leo: pua yangu, ile Madam Nekesa aliifundisha, haikuniambia kitu.

"Shiru ameonja?"

"Aonje vipi na haujafunguliwa? Tangu asubuhi ananisumbua, nikamwambia uji wa kuchacha haufunguliwi kila saa, unaharibika." Akachota kwa upawa, akajaza kikombe, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa, mami. Umechoka sana uso."

Nilichukua kikombe nikamwaga chini. Halafu nikachukua ndoo nzima nikaenda nayo chooni, nikamwaga yote ndani ya shimo.

Hamjui kumwaga uji wa mtu kwake ni nini mpaka mfanye. Cucu alikuja nyuma yangu na fimbo. "Wee kairitu, msichana gani wewe! Una wazimu? Nani amekutuma? Uji wa mtoto!" Majirani wakatokea. Shiru akaanza kulia, kikombe bado mkononi. Nilikuwa najaribu kueleza na maneno yanatoka yote pamoja, ngoma, ngozi, shamba, sumu.

"Ulikuwa wa mtoto," Cucu akasema, fimbo bado juu. "Basi niachie hata hicho chombo."

"Hapana, Cucu."

"Ni cha Shiru! Mmemzawadia!"

Nyundo nilikuwa nayo kwenye mkoba, sijui kwa nini, nilitembea nayo siku hiyo yote. Nilipindua ndoo juu ya jiwe la kufulia, nikatafuta msumari kwenye ua wao, nikatoboa chini. Nikatoboa tena. Nikatoboa mpaka ikawa kama chujio, na kila nikipiga ilikuwa inalia kama ngoma, mbaya sana, hiyo sauti.

Nilipoacha, nyundo niliiweka chini. Nikampa Cucu kile kipande cha karatasi. Hasomi, lakini fuvu halitaki kusomewa. Alikishika mbali na macho, kisha karibu.

"Nikiwa msichana tulikuwa tunapiga kahawa dawa," akasema polepole. "Ilikuwa na hii picha." Akarudi kwenye kigoda chake, akamvuta Shiru katikati ya magoti, akamfungua mdomo akaangalia ndani kama anayeangalia meno ya ndama. Kisha akaniuliza, na hakuwa anapiga kelele tena. "Mama yake alinisomea huo ujumbe kwa simu. Neno kwa neno. Alisoma ngozi ina kasoro. Mbona haukusema sumu?"

Hilo swali nililipeleka kwa mwenye jibu.

Kesho yake, ofisini shuleni, nikiwa nimemshika Wairimu mkono, Dairekta alinisikiliza amesimama. Nilimwambia kuhusu unga, maji, uji. Aliponijibu, alisema, "Kwa hivyo hakuna aliyeumia." Na akapumua, kwa kweli alipumua, nikaona mabega yake yakishuka. Akaniambia nimefanya vizuri, muhula ujao atanifikiria. Nikamwambia anifikirie nikiwa mbali. Nilimwambia mambo mengine pia, lakini haya ninayaandika kwa ajili yenu na wengine wenu mmeokoka. Wazazi niliwaeleza mwenyewe, mlango kwa mlango, nikitumia lile neno alilolikwepa, na wengine walihamisha watoto, na wengine hawakuhamisha. Ndoo zote Wafula alizirudisha shambani mwenyewe zikiwa zimetobolewa. Alichowaambia wakubwa wake sikuuliza. Bado yuko kazini, na bado anatania, ila kwa sauti ya chini.

Midomo ya Wairimu ilipona. Mimi bado. Nanusa kikombe kabla ya kumpa maji. Nikienda kwa mtu nikaona chombo cheupe kimepangwa jikoni naanza kutafuta maneno ya kuuliza kilitoka wapi. Watu wanachoka na mimi. Wachoke.

Nawaachia haya. Nusa, lakini usiiamini pua yako peke yake. Muulize anayeleta kilikuwa cha nini, na mtu akimjibia, uliza tena. Mkebe wa chakula peke yake, mingine hapana hata ikifanana namna gani. Ukingo uugonge ndani. Na kabla ya kuvuta ngozi, chukua msumari utoboe chini, ulipanue tundu mpaka kidole kipite. Watakwambia umeiharibu. Hujaiharibu, ngoma yenye tundu inatoa pumzi, sauti yake inafunguka. Na kama kuna siku mtu ataandika ujumbe wa maua na waridi, nyumba itakayopata hiyo ngoma haitaweza kuitilia kitu.

Nilirudi Witeithie na ngoma mpya ya Shiru, ya mkebe wa maziwa, tyubu ya pikipiki, mikanda imekazwa hapa na ng'ambo yake. Nilikuwa naogopa Cucu kuliko nilivyomwogopa Dairekta. Hakunikaribisha uji. Alichukua ile ngoma, akaigeuza chini juu, akapitisha kidole chake kwenye tundu mpaka kikatokea ndani, akakichezesha hapo. Halafu akampa mjukuu wake.

"Hii haishiki uji," akasema. "Piga."